Kuzima kelele ndani ya gari: Kibandiko si dawa ya kila sauti

Abiria anayepanda gari aina ya Probox mjini Nakuru kuelekea Njoro, Elburgon au Molo huzoea mambo mawili kabla ya safari kufika nusu: kubanwa, na kuzungumza kwa kupaza sauti. Jambo la kwanza husababishwa na idadi ya watu. La pili husababishwa na bati.

Kwa dereva anayekwenda na kurudi mara nne kwa siku, kelele hiyo si kero ya muda mfupi. Humfuata hadi nyumbani, masikio yakivuma na kichwa kikiuma. Ndiyo maana kazi ya kubandika magari ndani kwa vibandiko vya kupunguza sauti imepata wateja nchini, kuanzia wenye magari madogo ya kifahari hadi wamiliki wa magari ya kazi.

Wapo mafundi wanaoahidi kwamba gari likishabandikwa litatulia kama Mercedes. Ahadi hiyo haina msingi. Hata hivyo, kazi yenyewe si ulaghai. Ina kanuni zake, na mwenye gari asiyezifahamu anaweza kutumia fedha nyingi akapata nafuu ndogo, au akajitia katika hatari ambayo haikuwapo alipokuwa akivumilia kelele.

Probox ni mfano mzuri wa kuanzia. Gari hili lilianza kuuzwa nchini Japani mwaka wa 2002, likiwa limekusudiwa wafanyabiashara wenye mizigo midogo. Toleo la mizigo lilikadiriwa kubeba kilo 400. Mhandisi aliyelichora hakuwa na sababu ya kulitia zulia nene wala matabaka ya kuzuia sauti, kwa kuwa kila kilo ya pambo ingeongeza gharama na kupunguza mzigo. Katoni hazilalamikii kelele.

Lilipofika Bonde la Ufa likageuzwa kuwa gari la abiria, la maziwa, la viazi, la wagonjwa na hata la maharusi. Bati lililo nyuma ya viti, ambalo huko lilikotoka lilikuwa linasikilizwa na vifurushi tu, sasa linasikilizwa na watu.

Hali ni hiyo hiyo kwa matatu za abiria 14 zilizoanza maisha kama magari ya mizigo, na kwa pikapu za wakulima wa ngano na shayiri. Magari mengine yaliondoka kiwandani yakiwa na vipande vya lami vilivyolazwa sakafuni na kuyeyushwa vikashikana na bati wakati rangi ilipokuwa ikikaushwa kwa joto. Lami hiyo huzeeka. Gari lililotumika Japani kwa miaka kadhaa kisha likatumika Kenya kwa mingine kumi, aghalabu huwa na lami iliyopasuka na kubambuka.

Sauti zenyewe si za aina moja. Mji wa Nakuru uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, na karibu kila barabara inayotoka humo ama inapanda au inateremka. Anayeelekea Mau Summit husikia zaidi injini, kwa kuwa gari hupanda kwa gia ndogo nyuma ya malori. Anayeelekea Gilgil na Naivasha hukutana na sehemu zilizonyooka, ambako mwendo huongezeka na kelele za matairi na upepo huchukua usukani. Anayeingia barabara za vumbi za mashambani husikia mawe yakigonga chini ya gari na ndani ya madigadi.

Gari dogo likishapita mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa katika barabara tambarare, kelele ya matairi hushinda ya injini. Lami iliyomwagiwa kokoto kubwa huvumisha matairi kuliko lami laini iliyoshindiliwa kwa mashine, na ndiyo sababu gari lile lile hutulia ghafla linapoingia kipande kipya cha barabara. Upepo nao huongezeka kwa kasi ya kutisha: mwendo ukiongezwa maradufu, kelele ya upepo inaweza kupanda kwa desibeli zipatazo 18.

Ngoma na kiganja

Ili kuelewa kibandiko kinafanya nini, mtu hahitaji maabara. Apige katikati ya mlango wa gari kwa kifundo cha kidole. Bati litalia kama debe. Kisha alikandamize kwa kiganja cha mkono mmoja na kupiga tena karibu na kiganja hicho. Sauti itakufa mara moja, kama ngoma inavyonyamaza mpigaji anapoweka mkono juu ya ngozi.

Kiganja hakikuziba njia ya sauti. Kilichofanyika ni kwamba kililinyima bati uwezo wa kuendelea kutetema. Hiyo ndiyo kazi ya kibandiko cha kisasa, ambacho ni tabaka la mpira laini unaonata, aghalabu mpira wa butili, lililofunikwa kwa karatasi ngumu ya alumini. Bati linapojipinda kwa mtetemo, mpira uliobanwa kati ya bati na alumini huvutwa huku na huko. Nguvu ya mtetemo hugeuka kuwa joto, dogo kiasi kwamba haliwezi kuhisiwa kwa mkono.

Elimu hii si ngeni. Mwanafizikia Mjerumani Hermann Oberst alichapisha mwaka wa 1952 uchunguzi wake kuhusu namna tabaka laini linavyozima mtetemo wa bati. Mwaka wa 1959, Mmarekani Edward Kerwin alieleza kwa hesabu kwa nini tabaka hilo hufanya kazi vizuri zaidi likifunikwa kwa karatasi ngumu juu yake. Vibandiko vinavyouzwa leo, viwe vya Dynamat ya Marekani au vya viwanda vingi vya China, vinatumia kanuni hiyo ya Kerwin.

Kutokana na kanuni hiyo hupatikana jambo ambalo wauzaji hawapendi kulitangaza: si lazima bati lote lifunikwe. Kingo, mikunjo na pembe za bati ni ngumu tayari na hazitetemi sana. Kipande kinachofunika robo hadi nusu ya eneo, kikibandikwa katikati penye ulegevu, huleta sehemu kubwa ya nafuu inayoweza kupatikana. Kufunika kila inchi ni kuongeza gharama na uzito kwa faida ndogo.

Jambo la pili ambalo halitangazwi ni kwamba kibandiko hiki hakizuii sauti inayosafiri hewani. Kinazima mtetemo wa bati, basi. Kuzuia sauti ya hewani kunahitaji pazia zito lisilo na tundu, na kanuni yake ni ngumu kwa mfuko: ukiongeza uzito wa kizuizi maradufu, utapunguza sauti kwa desibeli 6 hivi kwa nadharia, na pungufu ya hapo kwa vitendo. Tena, tundu dogo huharibu kila kitu. Kizuizi chenye uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake hakiwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20, hata kingekuwa cha risasi.

Kuna kazi ya tatu, nayo ni kufyonza sauti ambayo tayari imeingia ndani. Hii hufanywa na vitu vyenye vinyweleo vya hewa kama sponji, pamba na zulia la nyuzi. Vitu hivi hufaa kwa sauti nyembamba za upepo na mluzi. Kwa mvumo mzito havifui dafu. Sauti ya hezi 100 ina wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita tatu, na sponji ya unene wa kidole haina la kulifanya.

Hivyo basi, kuna kazi tatu na vitu vitatu tofauti. Mteja anayeuziwa kimoja akiambiwa kitafanya zote tatu amekwisha kupunjwa kabla gari halijafunguliwa.

Kabla ya kununua

Kelele nyingi zinazopelekwa kwa fundi wa vibandiko zilistahili kupelekwa kwingine. Tairi lililolika visivyo sawa hunguruma kama ndege ya zamani. Beringi ya gurudumu iliyoanza kufa hutoa mvumo unaobadilika gari linapokata kona, ukizidi upande mmoja na kupungua upande wa pili. Ekzosi iliyotoboka huvumisha sakafu nzima, na raba zinazoshikilia injini zikikatika, hutetemesha dashibodi gari linaposimama kwenye taa.

Kuzifunika sauti hizi kwa vibandiko ni zaidi ya kupoteza pesa. Beringi inayonguruma inatoa taarifa. Dereva anayeizima taarifa hiyo, kisha akateremka kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa akiwa na abiria nyuma yake, amejinyima onyo la mwisho ambalo gari lingempa. Ekzosi iliyotoboka ni mbaya zaidi, kwa kuwa moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua.

Raba za milango zinastahili kukaguliwa kabla ya kitu kingine. Kipimo chake ni rahisi: mlango ufungwe ukiwa umebana kipande cha karatasi, kisha karatasi ivutwe. Ikitoka bila kukwama, raba imelala na upepo unapita hapo. Kipimo hicho kirudiwe kuzunguka mlango wote. Raba mpya, au hata kurekebisha komeo la mlango ili ufunge kwa kubana, mara nyingi hupunguza kelele ya upepo kuliko kilo kumi za butili. Wenye mazoea ya kuishi na vumbi jeupe la Kariandusi karibu na Gilgil wana kipimo kingine: pale vumbi linapojipanga mstari ndani ya mlango, sauti nayo hupita papo hapo.

Matairi nayo yana tofauti kubwa. Barani Ulaya, tangu Novemba 2012 matairi mapya huuzwa yakiwa na lebo inayoonyesha kiwango cha kelele kwa desibeli, na baadhi ya yale yanayouzwa Kenya huja na lebo hiyo. Ieleweke tu kwamba kipimo hicho ni cha kelele inayosikika nje ya gari. Kwa aliye ndani ni dokezo, wala si ahadi.

Kazi yenyewe

Ikiwa haya yote yamekaguliwa na gari bado lavuma, kazi ya kubandika inaweza kuanza. Inahitaji siku nzima, na sehemu kubwa ya siku hiyo ni kufungua na kusafisha.

Betri hutolewa waya kwanza. Magari mengi ya Japani yana mifuko ya hewa ya kuokoa maisha, na baadhi huwa nayo ubavuni mwa viti. Nyaya za mifuko hiyo kwa kawaida huwa na vifuniko vya rangi ya manjano. Toyota huelekeza kusubiri angalau sekunde 90 baada ya kutoa waya wa betri kabla ya kugusa chochote kinachohusiana nayo, kwa kuwa nguvu ya umeme hubaki kwa muda. Fundi anayechomoa viti huku swichi ikiwa imewashwa anachezea baruti.

Viti, zulia na vipande vya plastiki vikishatoka, bati huoneshwa mwanga, na hapo ndipo siri za gari hufichuka. Panapo kutu papigwe msasa na kupakwa rangi kabla ya kufunikwa. Kubandika juu ya kutu ni kuifungia mlango iendelee kula kwa faragha. Lami ya kiwandani iliyobambuka iondolewe, ile iliyoshika vizuri iachwe.

Kisha bati huoshwa, hukaushwa na kupanguswa kwa spiriti. Hapa hakuna njia ya mkato. Vumbi la Bonde la Ufa ni laini mno, na gundi haishiki bati bali hushika vumbi lililo juu ya bati. Kibandiko kilichoshika vumbi kitaachia baada ya wiki chache.

Wakati wa kazi nao ni muhimu. Asubuhi ya mwezi Julai mjini Nakuru, butili huwa ngumu na haifuati mikunjo. Mafundi makini husubiri jua lipande, au huupasha mpira moto kidogo kwa mashine ya hewa moto. Vipande hukatwa vidogo vya kushikika, hubandikwa kuanzia katikati kwenda kingoni, na kukandamizwa kwa rola ndogo kwa nguvu zote za mkono. Katika aina nyingi, alumini huwa na michoro iliyoinuka, na kazi huhesabiwa imekamilika pale michoro hiyo inapolala. Palipobaki kiputo cha hewa hapajabandikwa. Glovu ni za lazima, kwani ukingo wa alumini hukata kidole kama wembe.

Mahali pa kuanzia, kwa mwenye fedha chache, ni juu ya magurudumu ya nyuma. Hapo ndipo matairi na mawe hupigia bati moja kwa moja, na katika gari kama Probox hakuna kiti wala pambo la kulifunika. Baada ya hapo ni sakafu ya nyuma, kisha milango, kisha sakafu ya mbele. Ukuta unaotenganisha injini na abiria una faida kubwa, lakini kuufikia kunahitaji kufungua dashibodi, jambo ambalo kwa gari la zamani huzaa milio mipya ya plastiki kuliko kelele lililokusudiwa kuondoa.

Mlango una mabati mawili. La nje ndilo jepesi na ndilo linalolia, nalo hufikiwa kwa kupitisha mkono katika matundu ya bati la ndani. Vipande viwili au vitatu katikati yake hutosha, na mlango utaanza kufunga kwa kishindo kizito cha gari ghali. Mwenye gari hufurahia sauti hiyo kuliko nafuu yote atakayoipata barabarani.

Penye hatari ni chini ya mlango. Maji ya mvua huingia mlangoni kupitia kando ya kioo kila siku ya mvua, na hutoka kupitia vitundu vilivyo ukingoni mwa chini. Fundi asiyejua huviziba. Mvua ya masika ikinyesha, mlango hugeuka kuwa ndoo, na baada ya misimu michache hutoboka kwa kutu. Karatasi ya plastiki inayozuia unyevu kuingia kwenye pambo la ndani nayo irudishwe ikiwa nzima. Vilevile, reli za vioo, nyaya za breki ya mkono, vizibo vya raba sakafuni na kifuniko cha pampu ya mafuta, ambacho katika magari mengi kiko chini ya kiti cha nyuma, viachwe wazi.

Bolti za viti na mikanda ndizo za mwisho kurudishwa na ndizo za kwanza kusahauliwa. Zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, maana kiti kilicholegea hakitamshikilia mtu gari likigonga.

Lami ya paa na sponji ya godoro

Butili halisi si rahisi, na umaskini haukosi ubunifu. Badala yake hutumika kanda za lami zinazouzwa kwa ajili ya kuziba nyufa za mapaa ya nyumba. Zinafanana na butili kwa macho, na zina alumini juu. Tofauti hujitokeza gari linapoegeshwa juani.

Kutoka Nakuru kwenda Marigat, barabara huvuka ikweta karibu na Mogotio na kuteremka hadi penye joto kali. Bati la paa la gari lililosimama juani huko hufikia joto ambalo lami haiwezi kulistahimili. Hulainika, hunuka, kisha huachia. Ikiwa ilibandikwa darini, huangukia kitambaa cha dari na kukitia madoa yasiyotoka. Ikiwa ni mlangoni, hutelezea kwenye reli za kioo. Kwa paa na milango, lami haifai kabisa. Mteja atambue pia kwamba mng'ao wa alumini haurudishi joto la jua ukiwa umeshonwa kati ya bati na pambo bila nafasi ya hewa. Anayetaka gari lipunguze joto anahitaji sponji ya vinyweleo vilivyofungwa, isiyonywa maji.

Sponji ya godoro ni jambo zito zaidi. Kwanza, hunyonya maji na kuyashikilia dhidi ya bati, ikawa kitalu cha kutu na harufu. Pili, na hili ndilo lenye uzito, huwaka kwa kasi na moshi wake huwa na sumu, ikiwamo ya sianidi. Gari lina nyaya kuukuu, viungo vya redio vilivyofungwa kwa selotepu na petroli. Kulijaza sponji ya godoro kutani mwake ni kuwawekea abiria kuni.

Nchini Marekani, kanuni nambari 302 ya usalama wa magari, iliyoanza kutekelezwa mwaka wa 1972, hairuhusu kitu cha ndani ya gari kusambaza moto kwa zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Mteja aulize iwapo bidhaa anayouziwa imepimwa kwa kanuni hiyo au inayolingana nayo. Muuzaji asipokuwa na jibu, kipande kidogo kikichomwa nje, mbali na gari, na maji yakiwa karibu, kitatoa jibu la awali: kinachoendelea kuwaka na kudondosha matone ya moto baada ya kiberiti kuondolewa hakistahili kuwa karibu na binadamu. Kuhusu trei za mayai ambazo wengine huzigandisha ndani ya buti, hizo ni karatasi. Hazizuii sauti, hazizimi mtetemo, na zinawaka.

Uzito nao uhesabiwe. Butili ya unene wa milimita 2 huwa na takriban kilo 3 kwa kila mita ya mraba. Mita nne za mraba ni kilo 12, sawa na mtungi mdogo wa maji, na hakuna atakayegundua. Lakini aliyefunika gari zima matabaka mawili, kisha akaweka pazia zito la kilo 5 kwa mita ya mraba sakafuni, anabeba mtu mzima asiyelipa nauli, kila safari, mlimani na mteremkoni. Magari yanayoshindana katika Safari Rally, ambayo tangu 2021 yamekuwa yakirudi Naivasha na kupita Soysambu na Elmenteita, hayana vitu hivi hata kidogo. Uzito ni adui, na dereva na mwelekezi wake husikizana kwa vinasa sauti vilivyo ndani ya kofia.

Kuna swali la afya, na hapa wauzaji huzidisha chumvi. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinaweka ukomo wa desibeli 90 kwa muda wa saa nane. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ndani ya gari dogo lililofungwa vioo katika barabara kuu, kelele kwa kawaida huwa kati ya desibeli 65 na 75. Kwa hivyo gari zima lisilo na redio halimfanyi mtu kiziwi.

Linachofanya ni kumchosha, na kumfanya aongeze sauti ya redio ili ishinde mvumo wa barabara. Redio hiyo ndiyo inayoweza kuvuka mpaka. Dereva anayetulizwa mvumo huo, naye akapunguza redio, amepata faida mara mbili, ikiwa ni pamoja na kusikia king'ora cha ambulensi kilicho nyuma yake.

Kinyume chake pia hutokea. Miongoni mwa wateja wakubwa wa vibandiko ni wenye matatu na vijana wanaotaka muziki upige zaidi, kwa kuwa bati lililotulizwa haliibi besi wala halitoi milio ya kutikisika. Hao hawatafuti ukimya. Kanuni za mazingira za mwaka 2009 kuhusu kelele, zinazosimamiwa na mamlaka ya NEMA, zinaweka ukomo wa desibeli 35 usiku katika maeneo ya makazi, na kibandiko mlangoni si kinga mbele ya kanuni hizo.

Anayetaka kujua kama fedha zake zimefanya kazi apime mwenyewe. Programu za simu za kupima desibeli zinatosha, mradi achague kipande kimoja cha barabara, kwa mfano kati ya Lanet na Mbaruk, aende kwa mwendo ule ule, vioo vikiwa vimefungwa na redio kuzimwa, kabla na baada ya kazi. Asishangae akiona simu imeshuka kwa desibeli mbili au tatu tu. Masikio huhitaji kushuka kwa desibeli 10 hivi ili kuona kelele imepungua nusu, na hakuna kibandiko peke yake kitakachofikisha hapo. Lakini kipimo cha kawaida cha simu hupuuza kwa kiasi kikubwa sauti nzito, na mvumo mzito ndio unaozimwa zaidi na butili. Kwa hiyo, baada ya simu, ampandishe abiria kiti cha nyuma, amwambie azungumze kwa sauti ya kawaida, na asikilize kama atamsikia kabla ya kufika Mbaruk.